Jino na Skrubu

Kazini wananiita Pangusa, na jina hilo halijawahi kuniudhi. Ukikabidhiwa leza yenye uwezo wa kutoboa bati, vumbi kwako si uchafu tena, ni adui. Punje moja ikitua juu ya kioo, mwanga unaiunguza hapohapo na alama yake haitoki tena. Basi napangusa asubuhi, napangusa jioni, na mtu akija kuegemea meza ya vioo vyangu akiwa na kikombe mkononi, namkodolea macho mpaka akumbuke kwamba ana shughuli kwingine.

Upande wa pili wa ukuta anafanya kazi shemeji yangu. Ni mdogo wake mke wangu, kitindamimba, na tumeishi naye tangu mama mkwe alipofariki, yeye akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Wenzake wanamwita Kiberiti, na hawakumsingizia. Ana akili ya kutisha na subira ya maziwa yaliyo jikoni. Nampenda kama mwanangu wa kumzaa, na mapenzi hayo nimekuwa nikiyaonyesha kwa njia moja tu ninayoijua, ya kumtengenezea vitu. Nilimchongea penseli miaka yote ya shule, akafika chuo kikuu hajui kichongeo kinashikwaje. Mke wangu alinicheka sana, lakini sikuona ubaya wowote. Hadi tulipoajiriwa jengo moja, nilikuwa bado nakagua breki za baiskeli yake kabla hajaamka.

Yeye ni mwanafizikia, na kazi yake ni kupasua vitu vidogo kuliko vyote nilivyowahi kuviona, au niseme ambavyo sijawahi kuviona. Gesi ya argoni inasukumwa kupitia kitundu chembamba na kuingia kwenye chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote. Chombo hicho sisi tunakiita chungu. Gesi ikiingia humo inatanuka, inapoa ghafla, na atomu zake zinashikana kwa maelfu, zinakuwa vishada. Hapo leza yangu inapenya tundu la ukutani na kuvichapa kwa pigo moja la mwanga, fupi kiasi kwamba ukilipima kwa kufumba na kufumbua utakuwa umelitukana. Kishada kinanyang'anywa elektroni zake. Atomu zinazobaki zote zina chaji ya aina moja, hazivumiliani, na kishada kinalipuka.

Ajabu ya vishada ni ulafi wao. Kipande cha chuma ukikipiga kwa mwanga, joto linasambaa ndani yake na kupotelea huko. Atomu iliyo peke yake nayo haimezi kitu cha maana. Lakini kishada hakina pa kupeleka kilichomeza, kwa hiyo kinameza, kinachemka, na kinapopasuka kinatema hata eksirei. Pembeni ya chungu kuna kipimo kinachohesabu eksirei hizo, na kila kikipata moja kinalia tik. Shemeji yangu alitaka kujua ni wakati gani vishada vinameza mwanga zaidi.

Kuna desturi moja pale ambayo lazima niieleze. Mwanga ule ukikupata jichoni, jicho limekwenda. Kwa hiyo anayetaka kuufungua anapaza sauti, "Macho!" na kila aliye ndani anavaa miwani ya kinga na kuitikia, "Yamefunikwa!" Pasipo mwitikio hakuna mwanga, hata kama aliyenyamaza ni Profesa mwenyewe.

Sasa, asubuhi moja nikiwa narekebisha leza, jino langu la mwisho lilinipiga pigo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye chungu. Nilifunga kila kitu kwa mkono mmoja, mwingine uko shavuni, nikaenda kwa daktari wa meno. Jino likang'olewa, fizi ikavimba, nikaambiwa nikae nyumbani. Shemeji yangu ana ruhusa ya kuwasha leza, akaiwasha mwenyewe. Nikiwa kitandani na pamba mdomoni, simu ikalia.

"Shemeji! Sikiliza!" alisema, na nadhani aliisogeza simu kwenye kipimo, kwa sababu kilichofuata ni sauti ya mvua kubwa juu ya bati. "Unasikia?"

"Mmm," nilisema.

"Ni eksirei hizo! Haijawahi kulia hivi, hakuna aliyewahi kuipata hivi! Shemeji, sema kitu!"

"Mmm," nilisema tena, na machozi yalinitoka, na safari hii si ya jino.

Profesa alifurahi. Ni mama mpole, mwenye sauti ya chini, na furaha yake haina makelele, lakini alikwenda kwenye mkutano wa wataalamu akalisema jambo lile mbele ya kadamnasi. Nikarudi kazini na shavu kama andazi. Nilifika mapema, nikaiweka leza yangu sawa, nikapangusa vumbi la siku zote nilizokosekana. Shemeji yangu alipofika na kufungua mwanga, kipimo kikalia tik. Kikanyamaza. Kikalia tik.

Tangu hapo mvua haikurudi. Alibadilisha shinikizo la gesi, alibadilisha kitundu, alifungua chungu na kukifunga mpaka boliti zikachoka. Mimi nami sikulala. Kila asubuhi nilitangulia nikavisafisha vioo vyake na vyangu, nikaurekebisha mwanga uwe bora zaidi ya jana, ili angalau upande wangu usimwangushe. Wenzetu wa maabara nyingine walijaribu kwao, wakaandika kwa adabu zote kwamba hawakuona kitu. Kisha yakaanza maneno ya kwenye korido. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini neno lililokuwa likipita mdomo kwa mdomo lilikuwa moja, kwamba amepika matokeo.

Profesa alimwita, na mimi nikiwepo.

"Sisemi umepika, mwanangu," alisema. "Ila nimelisema jambo hili kwa mdomo wangu mwenyewe. Ijumaa nitakuja kukaa na nyinyi. Ikilia, tutashukuru. Isipolia, itabidi uandike kwamba unayaondoa matokeo yako, na mimi nitatia sahihi chini ya jina lako."

Shemeji yangu aliitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisema jambo moja tu, huku akisukuma baiskeli. "Nikiyaondoa, na mimi naondoka. Siwezi kukaa mahali ambapo watu wananitazama mikono." Nilimjua. Hakuwa anatisha mtu.

Jioni hiyo alijifungia chumbani. Mimi nilijaza sahani, nikakusanya na ushauri wangu wote, nikaelekea mlangoni kwake. Kulikuwa na kichujio cha kubadilisha, kulikuwa na lenzi ya akiba, kulikuwa na mambo chungu nzima. Mke wangu alinishika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsaidia."

"Mwache."

"Hajala!"

"Mume wangu, nimeshamwambia neno moja. Liache kwanza limwingie. Ukimrundikia lingine sasa hivi litagonga mlango na kukurudia." Akanipokonya sahani, akaiweka mezani, akaendelea kukunja nguo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikaa nikihesabu tando za buibui darini. Baada ya muda alinyanyuka, akabisha, akaingia, na mimi nikamsikia yule mtoto akilia, kisha nikamsikia akicheka kwa pua. Alitoka akala. Nilimuuliza mke wangu alimwambia nini, akasema ni mambo ya dada na mdogo wake.

Alhamisi nilifika kazini kabla ya mfagiaji. Kama ingekuwa siku ya mwisho ya kumsaidia, basi nimsaidie hasa. Nilipangusa kila kioo, nikarekebisha kila kinachorekebishika, na nilipolipima pigo la mwanga niliona fahari. Lilikuwa fupi na kali kuliko yote niliyowahi kuyatengeneza tangu nianze kazi.

Shemeji yangu alifika akaweka mkoba chini. "Macho!"

"Yamefunikwa!"

Kipimo kikanyamaza. Tulisubiri. Kikalia tik, mara moja, kwa uvivu, kama saa inayokaribia kusimama.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nimesafisha kila kitu. Leo pigo ni fupi ajabu, njoo uone. Halijawahi kuwa zuri hivi."

"Na jana?"

"Jana nililisafisha pia, ila leo nimelizidisha."

"Jana ililia kidogo. Leo hata hicho kidogo hakuna." Sauti ilianza kupanda. "Juzi ilikuwa afadhali ya jana. Shemeji, kila ukinisaidia inapungua! Kila ukinisaidia! Wewe ndiye unayeniulia kazi yangu!"

Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilikiweka kitambaa changu mezani polepole, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Yeye alijiziba mdomo.

"Nisamehe," alisema. "Nimepitiliza, Shemeji. Nisamehe sana."

"Yameisha," nilisema, ingawa hayakuwa yameisha.

Pampu ziliendelea kunguruma. Halafu mkono wake ukashuka kutoka mdomoni taratibu.

"Ngoja. Nimesema nini?"

"Umesema nakuulia kazi. Unataka kulirudia?"

"Kabla ya hapo."

"Kila nikikusaidia inapungua."

Alinitazama, nami nikamtazama. Hasira ilikuwa imemtoka yote, na mahali pake palikuwa na kitu kingine. "Siku ile ilipolia, wewe hukuwepo," alisema. "Hukusafisha. Kabla hujaenda kwa daktari ulikuwa unafanya nini? Nataka kitu cha mwishomwisho kabisa."

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye pengo la jino. Na pale, ulimi ukiwa pengoni, nikajiona nimeinama juu ya sanduku la kubania.

Nieleze kidogo. Pigo la mwanga likitiwa nguvu zote likiwa fupi litavipasua vioo vyangu mwenyewe. Kwa hiyo kwanza linanyooshwa, ndipo linaongezewa nguvu, kisha mwisho wa safari linabanwa tena ndani ya sanduku lenye vioo viwili vya mistari midogo sana. Umbali kati ya vioo hivyo unapangwa na skrubu moja, na kuna mahali pamoja tu ambapo pigo linakuwa fupi kuliko pengine pote. Mahali hapo hupajui mpaka upapite. Unazungusha, unaona mambo yanaharibika, ndipo unarudi nyuma.

"Nilikuwa kwenye skrubu," nilisema. "Nilikuwa nimeshapapita mahali pake. Nilikuwa ndiyo narudi, jino likanishika."

"Ulirudi?"

"Sikurudi."

"Kwa hiyo mimi nilipiga vishada kwa pigo refu. Refu na dhaifu."

"Baya kabisa. La kuaibisha."

"Na ulipopona?"

"Nikairudisha asubuhi, kabla hujafika."

"Bila kuniambia!"

"Shemeji, mtu akikuta zipu yake iko wazi anatangaza, au anafunga?"

Alikaa sakafuni hapohapo, mgongo kwenye mguu wa meza yangu, na safari hii sikumkodolea mtu macho. Alianza kuongea, nusu na mimi, nusu na nafsi yake. Sote tulidhani kwamba kinachotakiwa ni ukali, kwamba pigo likiwa kali zaidi kishada kitameza zaidi. Lakini pigo fupi sana linakikuta kishada kingali kimebana, linakipiga, na linakwisha kabla hakijatanuka. Pigo refu kidogo lina mwanzo na lina mwisho. Mwanzo wake unakilegeza. Kishada kinaanza kutanuka, elektroni zilizomo ndani zinayumba, na inafika saa ambapo kuyumba kwake kunakwenda sawa na kuyumba kwa mwanga. Hapo ndipo mwisho wa pigo unafika, na kishada kinaunywa wote.

"Mtoto aliye kwenye bembea," alisema. "Ukimsukuma kwa nguvu akiwa anakujia unajiumiza mkono tu. Unangoja afike, ndipo unasukuma, na hata kwa kidole anakwenda juu."

"Kwa hiyo kilihitaji kungojewa," nilisema.

"Kidogo tu. Ukingoja sana kinakuwa kimeshasambaa, humkuti mtu." Akainua uso. "Kama ndivyo. Bado ni maneno tu haya. Tusifungue leo, tafadhali. Nataka Profesa aone wakati mmoja na mimi. Hata ikikataa, aone."

Nilimwambia kwamba hiyo ni hatari. Akasema anajua.

Ijumaa Profesa alikuja, akavuta kiti, akavaa miwani yake mikubwa ya kinga juu ya ile ya kusomea. Shemeji yangu alimweleza kila kitu, hata habari ya jino, sauti ikitetemeka mwanzoni na kutulia baadaye. Kisha akanigeukia.

"Geuza, Shemeji."

Sikuwahi kuharibu leza kwa makusudi maishani mwangu. Nilishika ile skrubu na vidole vikagoma. Nilihisi haya, kama mtu aliyeambiwa avue shati mbele ya wakwe. Nilipiga moyo konde.

"Macho!" shemeji yangu aliita.

"Yamefunikwa!" tuliitikia, Profesa na mimi.

Niligeuza kidogo. Tik. Nikageuza tena. Tik, tik. Niliogopa hata kupumua. Nikageuza tena, na tena, na matone yale yakaanza kukaribiana, yakaongezeka, mpaka mvua niliyoisikia kwa simu nikiwa na pamba mdomoni ikanyesha chumba kizima. Niliendelea kugeuza, ikapungua.

"Umepita," alisema shemeji yangu kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Rudi kidogo. Hapohapo. Usiguse tena."

Profesa aliagiza gesi ifungwe, na kipimo kikanyamaza. Akaagiza gesi ifunguliwe, mvua ikarudi. Akaniambia niirudishe skrubu mahali pake safi pa siku zote, ikabaki tik moja moja, kisha mahali pabaya, ikanyesha. Alinifanya nirudie hivyo mpaka kiganja kikaingia jasho.

"Basi," alisema mwishowe. "Hukupika."

"Sikupika, Profesa."

"Tutaandika kwamba chanzo ni urefu wa pigo. Habari ya jino tutaiacha." Akatoka, na tulimsikia akicheka peke yake kwenye korido.

Shemeji yangu alisimama kama mlingoti, kisha akaanza kulia kwa kwikwi. Nilimpa kitambaa changu cha vioo, kile ambacho hata mke wangu haruhusiwi kukigusa, naye akapengea kamasi bila huruma.

Wenzetu wa maabara ile nyingine walirefusha pigo lao, wakaandika kwamba kwao nako inanyesha. Maneno ya kwenye korido yalikufa. Jumatatu nilikuta karatasi imebandikwa juu ya sanduku la kubania, kwa mwandiko ninaoujua tangu ukiwa wa penseli: "Pangusa, uliza kwanza." Mpaka leo iko pale, na huwa naipangusa.

Mkataba wake ukaongezwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kupanga nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa nimehangaika kufa na kupona ili asiondoke, na sasa anaondoka. Nilifurahi kwa ajili yake na nikaumia kwa ajili yangu, vyote kwa wakati mmoja, na nilipomwambia mke wangu hivyo alisema hata yeye ni hivyohivyo, ila yeye hana haja ya kutembea na uso mrefu nyumba nzima.

Tulikwenda kumtembelea alasiri ya Jumapili. Mke wangu alibeba mapazia. Mimi nilikuwa nimeficha pimamaji ndani ya koti, kile kipimo cha mafundi chenye kipovu cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Shemeji yangu alitusimamisha mlangoni.

"Macho!" alipaza sauti.

"Yamefunikwa!" niliitikia kabla sijafikiri, viganja usoni, na mke wangu akatuambia sote wawili tumechanganyikiwa.

Nilipofungua macho niliona chumba kidogo safi, meza, viti vitatu, na ukutani rafu ya vitabu aliyoipigilia mwenyewe. Ilikuwa imepinda. Haikuhitaji kipimo, ilionekana kutoka mlangoni, na vitabu vyote vilikuwa vimelalia upande mmoja. Mkono wangu uliingia ndani ya koti. Mke wangu alinitupia jicho.

Nikautoa mkono mtupu. Nikakaa. Nikasema chumba kina mwanga mzuri, nacho kilikuwa nao kweli. Tulikunywa chai. Mapazia yalitundikwa, yakasifiwa. Nilikuwa nimekaa moja kwa moja mbele ya rafu ile, na niliongea habari ya hali ya hewa kwa kirefu kuliko nilivyowahi kuiongea. Shemeji yangu alinitazama juu ya kikombe, akatazama rafu, akanitazama tena. Mke wangu aliomba chai ya pili.

"Imepinda, eh?" alisema shemeji yangu hatimaye.

"Kidogo," nilisema.

Alicheka, macho yakamlenga machozi. "Nilijua utakuja na kitu ndani ya koti. Toa basi."

Nikalitoa pimamaji, nikaanza kunyanyuka. Alinyoosha mkono akalichukua yeye.

"Wewe nishikie vitabu," alisema.

Nikasimama pembeni ya kiti alichopanda, vitabu vimenifika kidevuni, na sikulegeza mkono mpaka alipomaliza.